Mzambia, Mtanzania, Mhamiaji Haramu: Jina la Taifa katika Habari za Uhalifu Mpakani Tunduma

Utangulizi

Neno stereotaipu lilizaliwa katika karakana za wapiga chapa wa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Lilikuwa jina la bamba la madini lililomiminwa kwa kufuata umbo la ukurasa mzima wa herufi, ili ukurasa huo uweze kuchapwa tena na tena bila ya mpanga herufi kurudia kazi yake. Mwaka 1922 Walter Lippmann, mwandishi wa habari wa Marekani, aliliazima neno hilo katika kitabu chake Public Opinion ili kutaja picha ambazo watu huwa nazo vichwani kabla ya kuviona vitu vyenyewe. Kiswahili hakina istilahi moja iliyokubaliwa na wote kwa dhana hii. Wapo wanaosema dhana potofu, lakini istilahi hiyo inahukumu kabla ya kueleza, kwani picha ya namna hii yaweza kuwa na chembe ya ukweli na bado ikaleta madhara. Makala haya yanatumia istilahi taswira mgando, kwa kufuata mfano wa akili mgando ambao wazungumzaji wa kawaida wamekwisha kuuzoea. Faida ya istilahi hii ni kwamba inakumbusha kuwa kilichoganda kilikuwa majimaji hapo awali.

Asili ya neno katika kiwanda cha uchapaji inafaa kuzingatiwa, kwa sababu mjadala juu ya tabia za mataifa jirani huendeshwa kana kwamba chimbuko lake ni chuki iliyomo mioyoni mwa watu. Mtu mmoja hudai kwamba taifa fulani ni la wezi. Mwingine humjibu kwamba magazeti yanatia chumvi. Wa tatu huleta habari ya jana kuwa ushahidi. Mabishano ya namna hiyo, ambayo siku hizi yamejaa katika mitandao ya kijamii, hayafiki mwisho, maana kila upande unabishana juu ya ukweli wa habari na hakuna anayeichunguza sentensi iliyoileta. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika habari za uhalifu jina la taifa halifanyi kazi ya sifa, bali linafanya kazi ya kiarifu: halielezi tu mtuhumiwa ni nani, linadokeza kwa nini alitenda. Kazi hiyo hufanywa na sarufi, na kwa hiyo ni jukumu la wanasarufi kuieleza.

Mahali pa kuijaribu hoja hii ni Tunduma. Mji huu umo katika Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, na ambao makao makuu yake ni Vwawa. Ng'ambo ya mstari uko mji wa Nakonde, Zambia. Barabara kuu iendayo Lusaka hupita hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, huvuka mpaka hapo hapo. Shehena nyingi za Zambia na za Kongo zinazoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam hupita katika mlango huu. Tarehe 5 Oktoba 2019 Marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani. Mstari wenyewe ni wa zamani zaidi: ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890, ambayo kwa sehemu yaliifuata barabara iliyoitwa ya Stevenson kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga hawakuulizwa. Leo wako pande zote mbili, wakisema lugha moja na kuzikana, na shilingi na kwacha hupita mkono kwa mkono katika soko moja.

Njia nne za kumtaja jirani

Kiswahili kina njia zisizopungua nne za kuhusisha mtu na nchi yake. Chukuliwe mfano wa dereva. Mwandishi aweza kusema dereva kutoka Zambia, dereva ambaye ni raia wa Zambia, dereva Mzambia, au dereva wa Kizambia. Vitabu vya sarufi vimezoea kuziona njia hizi kuwa sawa kimaana, zikitofautiana kwa mtindo tu. Maoni hayo hayatoshi.

Kutoka Zambia ni habari ya safari: lori lilianzia huko, na dereva wake aweza kuwa mzaliwa wa Mbozi. Raia wa Zambia ni habari ya sheria. Huthibitishwa kwa pasipoti au kwa kitambulisho, na hukanushwa kwa njia hiyo hiyo. Mzambia, kwa upande wake, ni nomino kamili ya ngeli ya M-/WA-, sawa na mkulima, mwizi na mlevi. Haihitaji hati yoyote. Kiambishi m- kikiisha kubandikwa, nchi imekuwa aina ya mtu, na aina ya mtu ina tabia zake. Ama Kizambia, njia ya nne, ni hatua ya mbali kuliko zote, kwa kuwa kiambishi ki- katika matumizi haya hutaja namna: kula kizungu, kuvaa kihindi, kufanya mambo kienyeji. Anayesema dereva wa Kizambia amekwisha kukubali kwamba kuna namna ya kuwa dereva iliyo ya Zambia.

Ushahidi wa nguvu ya ki- hauhitaji kutafutwa mbali. Jina la lugha yenyewe ni mfano. Mambo ya Kiswahili, katika vinywa vya Watanzania wengi, si isimu wala ushairi. Ni ujanja, uchelewaji na maneno mengi, na mtu kuitwa Mswahili si sifa njema siku zote. Uswahilini ni mtaa usiopimwa. Wasomi wa Kiswahili wameandika mengi juu ya suala la Mswahili ni nani, lakini wamelipa uzito mdogo jambo hili, kwamba wasemaji wa lugha hii wamelifanya jina lao wenyewe kuwa tusi dogo la kila siku. Ikiwa sarufi yaweza kumgandisha mwenye lugha, haitamshindwa jirani.

Hata hivyo, mgando wa namna hii haudumu milele. Mnyamwezi, ambaye katika Pwani ya karne ya 19 alikuwa mpagazi wa bara, katika lugha ya vijana wa mijini siku hizi ni Mmarekani, au mtu wa shoka. Maana imehama kabisa huku umbo likibaki. Hili laonyesha kwamba maana ya majina haya hutegemea sentensi ambazo watu huwekwa ndani yake, na haitegemei watu wenyewe.

Kutoka -li- hadi hu-

Sentensi hizo ni za aina gani? Zilinganishwe hizi tatu, ambazo zimetungwa kwa ajili ya makala haya lakini hazitamshangaza msomaji wa magazeti:

(1) Watu watatu walikamatwa Tunduma kwa tuhuma za wizi wa mafuta ya malori.
(2) Raia watatu wa Zambia walikamatwa Tunduma kwa tuhuma za wizi wa mafuta ya malori.
(3) Watanzania watatu walikamatwa Tunduma kwa tuhuma za wizi wa mafuta ya malori.

Sentensi ya kwanza na ya pili ni za kawaida. Ya tatu haina kosa lolote la kisarufi, na kuna uwezekano mkubwa kuwa ni ya kweli, lakini ni vigumu kuikuta katika gazeti la Dar es Salaam au la Mbeya. Mtanzania akiiba Tunduma huwa mtu, kijana, mkazi wa mtaa fulani, au mfanyabiashara; Utanzania wake huonekana tu akiiba Nakonde. Roman Jakobson na wenzake wa Chuo cha Prague walionyesha zamani kwamba katika kila jozi ya maumbo kuna lililotiwa alama na lisilotiwa, na kwamba lisilotiwa alama hupita bila kuonekana. Raia wa nyumbani ndiye asiyetiwa alama. Makosa yake ni yake binafsi, na ya mgeni huandikwa katika daftari la nchi.

Baada ya habari kumi za aina ya (2) msomaji hana tena haja ya wakati uliopita. Njeo -li- hudai tukio: nani, lini, wapi. Msomaji anayesimulia alichokisoma huhamia hu-: Wazambia huiba mafuta. Kiambishi hu-, kama ijulikanavyo, hakichukui kiambishi cha nafsi. Mimi husema, wao husema, yeye husema, vyote ni kimoja. Idadi na nafsi hufutika katika kitenzi. Ndicho kiambishi cha methali, kama katika haba na haba hujaza kibaba, na methali haiulizwi tarehe. Hakuna mhariri aliyeandika kwamba Wazambia huiba, na kila mhariri aweza kuapa kwa haki kwamba hakuandika. Hesabu imefanywa na msomaji, kwa tarakimu alizopewa.

Vitenzi navyo vina sehemu yake. Katika vichwa vya habari mgeni hakamatwi, hunaswa. Na kunasa ni kazi ya mtego na ulimbo. Lori halibebi watu, husheheni watu. Msamiati huu haukubuniwa kwa nia mbaya: kichwa cha habari hutafuta neno fupi lenye nguvu, na kunaswa ni fupi. Lakini ufupi hauondoi picha ya windo.

Haramu

Neno linalostahili kuchunguzwa kwa makini kuliko yote katika Mkoa wa Songwe ni wahamiaji haramu. Njia ya kusini, ambayo vijana wa Ethiopia, wengi wao kutoka maeneo ya Hadiya na Kembata, huifuata kwenda Afrika Kusini, hupita Kenya na Tanzania, kisha huingia Zambia kwa upande wa Tunduma au Malawi kwa upande wa Ziwa Nyasa. Habari za kukamatwa kwao ni za mara kwa mara hata zimekuwa na umbo moja: idadi, uraia, mahali walipofichwa, na ahadi ya kufikishwa mahakamani. Majina hayamo, wala mji walikotoka haumo.

Haramu, ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, ni neno la dini kabla ya kuwa la serikali. Kinyume chake ni halali, na kati ya hayo mawili hakuna nafasi ya kusahihisha karatasi. Nyama ni haramu, riba ni haramu, na mtoto anayetukanwa kwa kosa la wazazi wake huitwa mwanaharamu. Bidhaa ikiingizwa bila ya kulipiwa ushuru, Kiswahili huita tendo hilo magendo, jambo ambalo faini hulimaliza. Mtu aliyevuka bila ya kibali ameshika nafasi mbaya kuliko sukari. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, iliyoandikwa kwa Kiingereza, humwita mtu wa aina hiyo mhamiaji aliyekatazwa, yaani humhusisha na amri ya mamlaka na haigusi utakatifu wala unajisi wake. Mwaka 1975 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 3449, lilivitaka vyombo vyake viwaite wafanyakazi hao wasio na hati au wasiofuata taratibu. Na Aprili 2013 shirika la habari la Associated Press la Marekani liliacha kulitumia neno lenye maana ya haramu kwa binadamu, likabaki kulitumia kwa matendo tu. Kiswahili kinayo maneno yanayohitajika, tena ya siku zote: wahamiaji wasio na hati, wasafiri wasio na vibali. Ni marefu kidogo. Hicho ndicho kikwazo pekee.

Je, jina laweza kudhuru? Mwezi Juni 2012 maiti za wahamiaji zaidi ya 40, wengi wao Waethiopia, zilikutwa Kongwa, Mkoa wa Dodoma, baada ya watu hao kukosa hewa ndani ya lori. Machi 2020 watu 64 walikutwa wamekufa katika kontena la lori huko Tete, Msumbiji. Oktoba 2022 kaburi la pamoja lilifukuliwa Mzimba, Malawi. Desemba mwaka huo huo miili ya wanaume 27 ilikutwa imetupwa kando ya barabara huko Ngwerere, nje ya Lusaka. Wote walikuwa katika njia ile ile. Haingekuwa haki kudai kwamba neno moja liliwaua. Waliwaua wasafirishaji na ukosefu wa hewa. Linaloweza kudaiwa ni dogo zaidi, nalo linatosha: mwanakijiji anayesikia kishindo ndani ya lori lililoegeshwa amefundishwa kwa miaka mingi kwamba waliomo ni haramu, naye hana neno jingine la kuwaitia msaada.

Mnunuzi wa ng'ambo

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mkoa wa Mbeya, pamoja na Wilaya ya Mbozi iliyokuwa ndani yake wakati huo, ulikumbwa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi. Habari zilizoenea, magazetini na vilabuni, zilisema kwamba ngozi hizo zilikuwa na wanunuzi nje ya nchi: Zambia, Malawi, Kongo. Waliouawa walikuwa wa hapa, na waliokamatwa walikuwa wa hapa. Soko peke yake ndilo lililowekwa ng'ambo, na kwa kuwekwa huko sehemu nzito ya hatia ilivukishwa mpaka.

Miaka kadhaa baadaye hadithi hiyo hiyo ilionekana upande wa pili ikiwa imevaa nguo nyingine. Aprili 2016, baada ya maiti kadhaa zilizokatwa viungo kukutwa katika mitaa ya Lusaka, ulienea uvumi kwamba wafanyabiashara wa Kinyarwanda walihusika. Maduka yao yaliporwa katika mitaa ya Zingalume, George na mingineyo, na watu wawili walichomwa moto hadi kufa. Serikali ya Zambia ilieleza baadaye kwamba wote wawili walikuwa raia wa Zambia. Jambo hili lingepaswa kufundishwa katika kila darasa la isimujamii. Umati ulikuwa na nomino mkononi, ukatafuta mtu wa kuivaa, na ukawapata watu wa nyumbani. Nomino ya namna hiyo hutimiza kazi yake hata anayetajwa asipokuwapo.

Mfano wa karibu zaidi na Tunduma ni wa Mei 2020. Tanzania ilikuwa imeacha kutangaza takwimu za ugonjwa wa korona tangu tarehe 29 Aprili, zikiwa zimefika wagonjwa 509. Siku kumi baadaye Wizara ya Afya ya Zambia ilitangaza wagonjwa wapya 85, na 76 kati yao walikuwa wa Nakonde. Rais Lungu aliufunga mpaka kwa muda. Mwezi huo huo Kenya iliufunga mpaka wake na Tanzania, isipokuwa kwa mizigo, na madereva wakawa wanapimwa Namanga. Kutangaza kwamba ugonjwa uko Nakonde, katika msongamano wa malori, ilikuwa habari yenye faida: ilimwambia mtu asiende wapi, na aliyekwisha kwenda ilimshauri apimwe. Kusema kwamba ugonjwa ni wa madereva Watanzania hakukumwambia mtu yeyote jambo la kufanya, isipokuwa kumwogopa Mtanzania. Kirusi kilipanda kibandani mwa lori bila ya kujali pasipoti. Mahali ni maelezo. Taifa, katika sentensi ile, ni shutuma. Ni kweli pia, na haifai kufichwa, kwamba ukimya wa takwimu upande wa Tanzania uliipa shutuma hiyo chakula. Mahali pasipo na habari, taswira mgando hujaza pengo.

Hoja ya utani

Pingamizi la kwanza litakalotolewa ni kwamba haya yote ni utani. Watanzania hutaniana kwa makabila kila siku. Mchaga huambiwa anapenda fedha, Mpare huambiwa anapenda kesi, Mhaya huambiwa anajisikia, na hakuna anayepigana. Kwa nini Mzambia na Mkenya wasihesabiwe katika ukarimu huo?

Pingamizi hili linasahau utani ni nini. Utani wa jadi, kama wa Wangoni na Wahehe waliopigana kisha wakapatana, ulikuwa mkataba. Mtani alikuwa na haki ya kutukana kwa sababu alikuwa na wajibu wa kuja msibani, kupika, kuchimba kaburi, na kukejeli maiti mbele ya wafiwa ili kilio kisizidi kiasi. Pili, ulikuwa wa pande mbili: aliyetukanwa alijibu papo hapo. Tatu, uso ulionana na uso. Muuza mchele wa Tunduma na mteja wake wa Nakonde wanaotupiana maneno juu ya ulevi wa huyu na magendo ya yule wanatimiza masharti hayo yote matatu, na kwa hakika maneno yao huwa makali kuliko ya gazeti lolote bila ya kumdhuru mtu. Kichwa cha habari hakitimizi hata moja. Mhariri hatakwenda msibani.

Itazamwe Juni 2019. Mbunge wa Starehe jijini Nairobi, Charles Kanyi, ajulikanaye kwa jina la Jaguar, alirekodiwa akitoa vitisho dhidi ya wafanyabiashara wa kigeni, Watanzania wakiwamo. Serikali ya Kenya ilijitenga naye, akakamatwa. Bunge la Tanzania lililijadili jambo hilo, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaomba utulivu. Kanda moja ya mtu mmoja ilikuwa imetosha kuwafanya Wakenya wote kuwa wasemaji wake. Katika majibizano yaliyofuata, na katika mengine mengi ya kabla na baada yake, ulirudi mfano ule unaopendwa: Mkenya husema nipe soda, Mtanzania husema naomba soda, basi mmoja ni mkali na mwingine ni mpole. Mwanaisimu ataona mara moja udhaifu wake. Nipe katika Kiswahili cha Nairobi ni njia isiyotiwa alama ya kuagiza, na adabu hubebwa na kiimbo na vipashio vingine. Naomba katika Kiswahili cha Dar es Salaam imechakaa kwa kutumika hata haiombi tena chochote. Tofauti ya kipragmatiki ya lahaja mbili imesomwa kuwa tofauti ya tabia za mataifa mawili. Kosa hili si la vyombo vya habari peke yao. Hata madarasani hutolewa kama mzaha wa kuanzia kipindi.

Hoja ya haki ya kujua

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Yasemwa kwamba wananchi wana haki ya kujua, na kwamba kuficha uraia wa mtuhumiwa ni kuuficha ukweli, jambo ambalo huzaa uvumi mbaya kuliko habari yenyewe. Ujerumani ililipitia suala hili kwa uchungu. Baada ya mashambulizi dhidi ya wanawake mjini Cologne usiku wa kuukaribisha mwaka 2016, magazeti yalilaumiwa kwa kusitasita kutaja asili ya watuhumiwa. Mwaka 2017 Baraza la Habari la nchi hiyo lililegeza kanuni yake: badala ya kudai uhusiano unaoeleweka kati ya asili ya mtuhumiwa na tukio, likadai pawepo maslahi ya umma yenye sababu. Kabla ya hapo, mwaka 2016, gazeti la Sächsische Zeitung la Dresden lilikuwa limechagua njia ya tatu: kutaja uraia wa kila mtuhumiwa katika kila habari, akiwamo Mjerumani, kwa kuwa wasomaji walikuwa wakiamini kwamba kila asiyetajwa uraia ni mgeni.

Uamuzi wa Dresden una mantiki ya kisarufi, kwani unaondoa kutotiwa alama. Gazeti likiandika Watanzania watatu walikamatwa Tunduma kila inapokuwa hivyo, sentensi ya (2) itapoteza sumu yake, maana itakuwa moja kati ya nyingi. Lakini Tunduma si Dresden. Katika Dresden uraia ni jambo linalothibitishwa. Katika Tunduma, ambako mama aweza kuwa wa Nakonde na baba wa Momba, ofisa wa polisi aandikaye raia wa Zambia mara nyingi huwa ameamua jambo ambalo Idara ya Uhamiaji ingehitaji wiki kadhaa kuliamua. Tuhuma ya wizi hutajwa kuwa tuhuma; uraia hutajwa kuwa hakika. Kwa mpaka huu, basi, kanuni inayofaa ni kali kuliko zote mbili: uraia utajwe pale tu unapokuwa sehemu ya kosa lenyewe, kama katika kesi ya hati bandia, au pale ubalozi unapohusika, na kila unapotajwa itajwe pia ulivyojulikana. Kwingineko mahali panatosha. Mkazi wa Nakonde ni maelezo kamili.

Kanuni hii haiwezi kuachiwa Baraza la Habari peke yake. Waandishi wa habari hawatungi lugha. Huipokea kutoka katika taarifa za polisi, nazo taarifa hizo zina sarufi yake, na wanaoziandika walijifunza Kiswahili katika shule ambazo walimu wake wamefunzwa na idara kama hizi. Kozi za uandishi katika vyuo vya Tanzania hufundisha upatanisho wa kisarufi na tahajia kwa bidii ya kusifika, lakini nguvu ya kiambishi ki- au ya hu- hufundishwa kama mofolojia tu, kana kwamba mofimu hazitoki darasani. BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, limesanifu istilahi kwa maelfu. Wahamiaji wasio na hati halihitaji hata kubuniwa, linahitaji kupendekezwa rasmi kwa vyombo vya habari na kwa Idara ya Uhamiaji.

Jambo hili limekuwa la haraka kwa sababu ambayo wapenzi wa Kiswahili huisherehekea bila ya kuipima. Agosti 2019, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam, Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya nne ya SADC, jumuiya ambayo Zambia na Malawi ni wanachama wake. Zamani sentensi juu ya Mzambia iliandikwa katika lugha ambayo Mzambia wa Kabwe hakuisoma. Wa Nakonde alikuwa akiisikia tangu hapo, kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya soko lake na redio za upande huu humfikia. Sasa inatarajiwa kwamba na wa Kabwe ataisoma, na kwamba Kiswahili kitafundishwa katika shule zake. Mwalimu atakayepelekwa huko atahitaji matini halisi za kufundishia, na jambo la kwanza atakaloliona la rahisi kupata ni gazeti. Inafaa kujiuliza ni ukurasa upi wa gazeti hilo atakaoweza kuuweka mbele ya wanafunzi wake pasipo kwanza kuukata kwa mkasi.